Kitabu cha Majani

Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha watoto wa darasa la kwanza huko Teso, mashariki ya Uganda. Vitabu vilikuwa vichache, na mimea iliyochorwa humo ilikuwa matufaha na mawaridi, ambayo watoto wale hawakupata kuiona. Basi nikaazimia tutengeneze kitabu chetu wenyewe. Kila mtoto alete jani moja kutoka shamba la kwao. Tulilaze kati ya magazeti makuukuu, chini ya matofali, kwa muda wa juma moja, kisha tulibandike juu ya kipande cha boksi. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo na maji.

Mtoto mmoja alileta jani la muhogo lililokunjamana, lenye mabaka ya manjano. Nikamwamuru, kwa sauti ambayo hata leo naionea haya, akatafute jani zuri. Akanijibu taratibu, kwa Kiteso, kwamba kwao yote ndivyo yalivyo.

Ulikuwa ugonjwa wa batobato. Huenezwa na inzi weupe, na pia na pingili za mbegu zilizokwisha ambukizwa. Mizizi hudumaa, na miaka ile mashamba mengi ya Uganda yaliangamia. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya mtoto huyo na sufuria ya unga wa muhogo mkononi!

Jani lake tuliliweka ukurasa wa kwanza. Majani yaliyosalia tuliyashona kwa nyuzi za katani, na mengine yalipasuka.