Dawa ya Minyoo Haipimwi kwa Macho

Kila mvua ikishika huku Bureti na Konoin, wafugaji huniuliza swali lile lile: "Daktari, dawa gani ya minyoo inafaa ndama?" Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo, ila huku kila ashikaye sindano ni daktari. Jibu langu huwaudhi: tupime kwanza.

Manyoya kung'aa si kipimo. Ndama akiongezewa maziwa atang'aa hata ukimnywesha maji matupu. Mimi nahesabu mayai ya minyoo. Kabla ya dawa nachukua kinyesi mkunduni kwa glavu, maana kilichoanguka kina minyoo ya udongoni, na nakiweka kwenye barafu mayai yasianguliwe njiani. Maabarani, gramu 4 za kinyesi hukorogwa na mililita 56 za maji yaliyoshiba chumvi, mayai yakaelea. Katika vyumba viwili vya kioo cha McMaster, kila yai unaloliona huwakilisha 50 kwa gramu. Dawa ikiwa albendazole, tunarudia baada ya siku 14. Mayai yasipopungua kwa asilimia 95, naishuku dawa.

Au naushuku mkono ulioitoa. Ndama wa kilo 60 anahitaji miligramu 450 za albendazole, yaani mililita 18 za ile ya asilimia 2.5. Wengi hukisia uzito, wakampa 10. Minyoo inayosalimika ndiyo huzaa sugu. Utepe wa kupima kifua ni bei rahisi kuliko chupa ya pili.

Katika jaribio kama hili, kazi ngumu ni kuwapata ndama watakaokaa bila dawa ili walinganishwe na waliopewa. Pasipo hao, utajuaje kama mayai yamepunguzwa na dawa au na kiangazi? Mama mmoja aliniuliza kwa nini wake ndiye anyimwe, na alikuwa na haki ya kuuliza. Ndama hao hupewa dawa hesabu ikiisha. Aliyevimba chini ya taya hangoji, anatibiwa siku hiyo na kuondolewa kwenye jaribio. Hata kisiwani Enderby, New Zealand, watoto wa simba-bahari wenye minyoo ya safura walipojaribiwa ivermectin, walilinganishwa na wasiopewa.

Basi kabla ya kurudi agroveti kununua chupa kali zaidi, peleka kinyesi cha ndama kadhaa katika maabara ya mifugo ya serikali mjini Kericho. Kipeleke asubuhi, kikiwa baridi, na uandike jina la dawa, kipimo na tarehe uliyoitoa.