Mikono Mitatu ya Santuri

Mtu ana mikono miwili, na mashine ya santuri aghalabu ina mmoja. Yangu ina mitatu. Kila mgeni aingiaye chumbani kwangu hapa Kiganjo, kando ya mji wa Thika, huitazama kama kitu kilichovunjika kikaungwa ovyo, kisha huniuliza kwa adabu kama mikono miwili ni ya akiba. Si ya akiba. Yote mitatu hufanya kazi, kila mmoja kwa zamu yake, wala hakuna uwezao kufanya kazi ya mwenziwe pasipo hasara. Nataka nikueleze, msomaji, kwa nini ni hivyo, maana jambo hili lilikaribia kuigawanya jamaa yetu.

Yafaa nianze na santuri zenyewe. Jina ni moja, lakini vitu ni vitatu. Ya kwanza ni ile nzito ya kale, iliyozunguka mara 78 kwa dakika. Haikutengenezwa kwa plastiki, bali kwa utomvu wa wadudu wa India, ule ule utiwao katika lakiri, uliochanganywa na unga wa mawe. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti yake ilitiwa katika kitu cha namna hiyo. Santuri hizo zilisafiri mbali kuliko watu wengi wa zama zao. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipozuru nchi ya Wakipsigis na mitambo yake, aliwakuta wasichana wakimwimba kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha; jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, ambaye nyimbo zake zilikuwa zimefika huko kwa gramafoni. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa tangu mwaka 1933.

Ya pili ni ile ndogo ya mizunguko 45, iliyotolewa Marekani mwaka 1949, na ambayo katika miaka ya 1960 na 1970 ilibeba sehemu kubwa ya muziki uliouzwa Nairobi: Joseph Kamaru, Daniel Kamau wa Gatanga, na wengine wengi. Ya tatu ni ile pana ya mizunguko 33 na theluthi, iliyoanza mwaka 1948, na ambayo toka mwaka 1958 ilianza kuenea katika namna ya stirio.

Katika uso wa kila santuri umechimbwa mfuo mmoja mrefu, mwembamba, uzungukao toka ukingoni hata karibu na katikati. Sindano hupita ndani yake, ikisukumwa huku na huku na kuta zake, na msukumo huo ndio wimbo. Sasa mfuo wa santuri ya kale ni mpana, na ule wa santuri za plastiki ni mwembamba sana. Ncha ya sindano ya santuri ya kale ina nusukipenyo kipatacho mikroni 65 hata 75, karibu na unene wa unywele. Ile ya santuri ya mono ya plastiki, mikroni 25. Ya stirio, yapata 18. Tia sindano nyembamba katika mfuo mpana, nayo itazama chini kabisa, mahali penye vumbi na mikwaruzo, ikiyumba kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Tia sindano nene katika mfuo mwembamba, nayo haitaingia; itakwenda juu ya kingo ikizivunja, na uharibifu huo hautengenezeki.

Iko tofauti nyingine, nami naipenda kuliko zote. Katika santuri ya mono sindano husukumwa upande kwa upande tu. Katika ya stirio kila ukuta wa mfuo una sauti yake, kwa hiyo sindano huenda pembeni na pia hupanda na kushuka. Basi ukipiga santuri ya mono kwa kichwa cha stirio, kichwa hicho husikia pia kila kipandacho na kushukacho. Lakini wimbo haupandi wala haushuki hapo. Kipandacho ni uchafu na makovu. Kichwa cha mono ni kiziwi kwa mambo hayo. Uziwi wake ndio uzuri wake.

Nimesema kichwa. Namaanisha kile kijisanduku kilicho mwishoni mwa mkono, chenye sumaku na nyuzi za waya ndani yake, kigeuzacho mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Wauzaji hukiita katriji. Huenda ukauliza, kama yule binamu yangu aliyesomea uhasibu, kwa nini nisiwe na mkono mmoja na kubadilisha vichwa tu. Inawezekana, na wengi hufanya hivyo. Lakini sindano hushikwa kama kwa springi. Kichwa chenye springi laini hutaka mkono mwepesi, na chenye springi ngumu hutaka mkono mzito. Na fundi hatii mpini wa jembe katika tezo. Mkono na kichwa kwa pamoja vina mtetemo wao wa asili, nao wafaa uwe kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde: chini ya sauti nene kabisa isikiwayo na sikio, na juu ya kule kupanda na kushuka polepole kwa santuri iliyopindwa na jua. Ukikosea hapo, mkono hucheza wenyewe, na wimbo hutapatapa. Tena kila kichwa kina uzito wake wa kukandamiza na kimo chake. Kupima hayo yote upya kila ubadilishapo santuri ni kazi ya kumchosha hata mtawa.

Kwa hiyo nilikwenda kwa seremala. Tulichonga kitako cha mvule, tukaipanga mikono kuizunguka sahani ya mashine, mmoja kuume, mmoja nyuma, mmoja kushoto, kama watu watatu walioketi kwenye sinia moja. Shida yetu kubwa haikuwa mbao. Ilikuwa malori ya mawe. Kila lilipopita moja, sakafu ilitikisika na mikono yote mitatu ikaitikia. Tukauweka mtambo wote juu ya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliojazwa upepo nusu. Sijui dawa nyingine ya bei hiyo.

Hayo yote yasingekuwa na maana kubwa kama si sanduku la babu.

Babu yangu alifanya kibarua katika shamba la mkonge karibu na Thika, akajinunulia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kichwa cha gramafoni za namna hiyo hulemea santuri kwa zaidi ya gramu 100. Mkono wangu mzito huikandamiza kwa 4. Sindano zake zilikuwa za chuma, za kutupwa baada ya kila upande. Mwaka 1954, watu wa mlima wao walipohamishwa kwa nguvu kwenda kukaa katika vijiji vya Hali ya Hatari, aliacha vyungu, akabeba sanduku la santuri. Nyingine zilivunjika njiani. Miongoni mwa zilizosalia imo moja ya mwomboko, yenye ufa toka ukingoni upatao upana wa kidole gumba. Jina lililoandikwa juu yake ni la mpiga akodioni peke yake. Lakini jamaa wote wajua kwamba mwenye kugonga karing'aring'a, ile pete ya chuma, alikuwa babu yetu mdogo, ndugu wa babu. Yeye alikamatwa Nairobi Aprili mwaka ule ule wa 1954, katika msako ulioitwa Anvil, pamoja na maelfu wengine. Hakurudi. Hakuna picha yake.

Alitokea mtu aliyewanunulia santuri matajiri wa ng'ambo, akataka sanduku zima. Usimdhanie mwizi, alitaja bei ya haki, naye alisema, wala hakusema uongo, kwamba huko zingehifadhiwa mahali pakavu. Ami yangu alikuwa na binti wa kupeleka chuo kikuu. Sikuweza kumwambia kwamba kelele za zamani zina thamani kuliko karo ya mtoto. Neno la mwisho lilikuwa la shangazi, aliye mkubwa wa wote waliosalia, naye alikuwa upande wa ami. Santuri ile alikuwa amepigiwa zamani kidogo kwa mashine mpya ya stirio ya mjukuu wake, yenye sindano nyembamba, na hakusikia kitu ila mchakato. Alisema, “Uzeni. Mvua juu ya mabati naisikia bure.”

Nilimwomba aje Kiganjo kabla ya mnunuzi kurudi. Niliiosha santuri kwa maji yaliyochujwa na sabuni kidogo, bila spiriti, maana spiriti huyeyusha utomvu ule. Nikaushusha mkono wa kuume, wenye sindano nene na kichwa cha mono. Mvua haikukatika yote. Ufa uligonga kila mzunguko. Lakini nyuma yake akodioni ilitoka nzima, na juu ya akodioni, wembamba kama ukelele wa ndege, mlio wa chuma.

Shangazi aliinua mkono ili ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema kitu. Baadaye akasema, “Ndiye. Yeye hakugonga pamoja na wenziwe. Alichelewa kidogo, akiwangoja wachezaji wageuke.” Nilisikiliza tena, na kweli, pete hufuata nyuma ya kinanda kwa kitambo kidogo mno. Mimi ningedhani ni kasoro ya mpigaji. Yeye alikuwa amewahi kucheza kwa mlio ule.

Santuri za 45 tulizokuwa nazo mbili mbili tuliziuza, na pengo la karo jamaa tukalichangia; wawili wangali wanalalamika, na wana haki yao. Sanduku limebaki. Wimbo nimeunakili, upo katika simu za watu wapatao ishirini, nao wauchezesha kwenye harusi. Santuri yenyewe husimama wima kabatini, kwa kuwa zikilazwa kwa rundo zile za kale huvunjika kwa uzito wao. Shangazi huja kila likizo ya Agosti. Simu anayo, lakini hutaka mkono wa kuume. Upande wa pili hautaki. Huko, asema, pete aligonga mtu mwingine.