Kikapu cha Handa Milimani Kwetu

Wapo wazee wadhanio kuwa kitabu ni cha mtoto aliyekwisha kujua kusoma, na kwamba aliye chini ya miaka sita, maadamu ameshiba na hakuungua jikoni, hana haja nyingine. Sisi wa huku Lushoto hatuoni hivyo, na sababu yetu ni kitabu kimoja chembamba cha picha ambacho kimezunguka nyumba zetu hata kurasa zake zimelegea.

Kitabu hicho, Handa's Surprise, kilitungwa na kuchorwa na bibi wa Kiingereza, Eileen Browne, kikatolewa mwaka 1994. Kisa chake kimewekwa Kenya, kwa Wajaluo. Mtoto Handa amtilia rafikiye Akeyo matunda saba kikapuni, ajitwika, ashika njia akiwaza ni lipi mwenzake atakalolipenda. Nyuma yake kima atwaa ndizi, mbuni pera, punda milia chungwa, ndovu embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku karakara. Handa hana habari! Mara mbuzi akata kamba, aupiga mchenza kikumbo, na machenza yakajaza kikapu kilichokuwa kitupu. Kumbe machenza ndiyo ayapendayo Akeyo. Mtoto wa miaka minne hucheka sana, kwa kuwa yeye ameona asichokiona Handa.

Huko Uingereza walimu wa watoto wadogo hukisoma kitabu hiki kisha wakawaonjesha watoto matunda yale yale. Nasi tumefuata, ila tumebadili. Kikapuni mwetu tumetia peasi, plamu, pichesi, parachichi, karakara na ndizi, na wezi wetu ni wa msitu wa Usambara: mbega, hondohondo, na kinyonga. (Kinyonga hakuiba kitu. Watoto walihukumu kuwa kabla hajanyosha mkono, kikapu kimekwisha fika sokoni.) Mmoja hujitwika kikapu, wengine humnyemelea, na kila tunda litokapo huhesabu yaliyobaki. Kisha hufumbwa macho wakanusa na kuonja, wakataja jina. Kisu hushikwa na mama peke yake, na kokwa za plamu na pichesi hutolewa kwanza, zisije zikamkaba mtoto.

Hapa ndipo penye uchungu wetu. Matunda ya milima hii hupakiwa alfajiri, yakateremka Mombo kwenda Tanga na Dar es Salaam, na mtoto wa mwenye mti akabaki na uji mtupu. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania walionekana wamedumaa. Hatusemi kuwa peasi moja itaondoa udumavu. Mtoto ataka maharage, maziwa na mayai pia. Lakini twasema tenga moja katika kumi lisishuke mlimani.

Wengine wametuuliza juu ya picha za viumbe. Wanavyuoni wana maneno mengi katika jambo hili, wala si kazi yetu kuwaamua. Lakini katika mambo ya watoto imepokewa kuwa Bibi Aisha, R.A., alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo farasi mwenye mbawa. Mtume, S.A.W., alipomwuliza habari za farasi huyo, alijibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, na Mtume akacheka. Tazameni basi, mtoto amesikia kisa, na kisa kimekuwa mchezo mkononi mwake.

Jambo tusilolikubali ni kuchezea chakula. Tumesikia kwamba kwingine mchele na dengu hubandikwa kwa gundi juu ya karatasi, ili kupamba. Huo ni ufujaji, na haufai katika nyumba ya Mwislamu. Kwetu kila kilichotoka kikapuni huliwa, na huliwa kwa adabu alizofundishwa Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto, mkono wake ukitangatanga sahanini: kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho karibu. Twaona adabu hizo huwaingia upesi zaidi wakiwa wamezunguka sinia moja la matunda kuliko wakikemewa.

Asiye na kitabu asikae akingoja. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kutolewa vitabu vya Kiswahili, na penye shule yenye maktaba yafaa kuuliza. Pasipo na maktaba, bibi na hadithi zake watosha, pamoja na makaa ya kuchorea na migongo ya kalenda za mwaka uliopita. Watoto wetu wameshona chao hivyo. Kina kurasa tisa. Ya kumi ingali tupu, maana hawajapatana kama mbuzi wa bibi aangushe maparachichi au mapeasi.