Uzito, Stesheni ya Tabora

Mwaka wa tatu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hatukuchora tena vitu. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumechora mitungi, viti na vifuu vya nazi. Wa pili mifupa na misuli, hadi kila mmoja wetu akajua goti linavyojifunga na kujifungua. Sasa mhadhiri alitaka tuchore kitu kisicho na umbo. Aliandika ubaoni neno moja, UZITO, akatuambia tukalichore likizo ndefu, kila mtu kwao, na muhula ukifunguliwa tubandike kazi zetu ukutani mbele ya idara nzima.

Ilikuwa miaka ya 1980. Idara yetu ya Sanaa, Muziki na Tamthilia ilianzishwa mwaka 1975. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka kusomea uchoraji chuo kikuu alielekea Makerere, alikosoma Sam Ntiro, na baada yake Elias Jengo. Tulijiona wenye bahati kusoma nyumbani, ingawa karatasi ilikuwa adimu kuliko sukari. Tulichora pande zote mbili. Mkaa wa kuchorea nilijitengenezea: vijiti vyembamba vya mkole ndani ya kopo la maziwa lililozibwa, kopo likaachwa motoni mpaka moshi ukome kutoka.

Kabla ya kupanda treni kwenda kwetu Tabora nilikaa maktaba na vitabu vya wasafiri waliopita kwetu. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora, Novemba, baada ya siku 134. Speke alirudi mwaka 1861 na James Grant, na michoro mingi ya kitabu cha Speke cha mwaka 1863 ilitokana na mkono wa Grant. Grant alikuwa na jicho, nakiri hilo kwa moyo mweupe. Alitazama watu na mimea kwa subira. Lakini katika vitabu vile kwa jumla, wapagazi ni msafara. Wanaingia upande mmoja wa ukurasa, wanatokea wa pili, na unachokikumbuka ni pembe za ndovu. Walioibeba njia ile walikuwa Wanyamwezi kwa maelfu, babu zetu, waliosifika kwa kubeba begani wakati watu wa pwani walijitwika kichwani. Niliyasoma hayo nikajua nitachora nini.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 ikaua kazi ya upagazi, lakini haikuumaliza mzigo. Pale stesheni njia inagawanyika, moja Kigoma, nyingine Mwanza, na treni husimama kwa muda mrefu. Wachukuzi wanashusha magunia ya mchele, madebe ya asali, marobota ya mitumba. Nilikaa juu ya sanduku karibu na mizani, ubao mapajani, kila siku ya treni.

Mchukuzi hasimami akusubiri. Anapita mbele yako kwa hatua saba, nane, kisha amekwenda. Kwa hiyo mkono unajifunza kuanzia pale ambapo uzito unaishia, kisiginoni. Ukianza na gunia utapata gunia zuri linaloelea juu ya mtu. Ukianza na kisigino kinavyobanwa na saruji, ukapanda na mstari hadi nyonga inayotoka nje kuukwepa mzigo, ukafika shingo iliyolala upande, gunia lenyewe unaweza kulimaliza kwa mistari miwili na mtazamaji ataamini ni kilo mia. Mstari nao una uzito wake: kandamiza mkaa pale mwili unapokandamizwa, uinue pale mwili unapopumua. Nilijifunza pia kuchora uwazi ulio kati ya sikio na gunia. Uwazi ule ukiukosea kidogo tu, mtu mzima anageuka mwanasesere.

Asubuhi zisizo na treni nilikwenda kwa baiskeli hadi Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, nikachora miembe. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walifika hapo hapo wakiwa na maiti yake. Walimkuta msafiri Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike Kwihara. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo, mwili ukiwa umefungwa kama robota la nguo ili wenyeji wa njiani wasiuzuie. Mbele ya tembe lile niliwaza mara nyingi bega la mtu aliyejua kilichomo ndani ya robota.

Stesheni palikuwa na mchukuzi mmoja, mtu wa makamo, ambaye mgongo wake ulinipa michoro yangu bora. Siku moja alisimama nyuma yangu akanitazama nikimaliza.

“Mwangaluka, binti.”

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Huyu ni mimi?”

Nikamwambia ndiye. Akainama, akatazama vizuri. “Gunia nimeliona. Na mgongo ni wangu, hata kovu lipo. Sasa nichore na mimi.” Akaketi juu ya mizani, mikono magotini, akavaa uso wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Nilimchora mpaka treni ya Kigoma ikapiga honi. Muhula ulipofunguliwa niliubandika mchoro ule katikati ya ile ya magunia. Walimu waliisifu migongo, wakaizungumzia nyonga na mistari kwa muda mrefu. Uso ule waliona umetoka nje ya kazi niliyopewa. Mmoja alishauri niuondoe ili ukuta usomeke vizuri. Kwa ufundi hoja yao ilikuwa na nguvu, maana mchoro ulikuwa mkavu na mabega yamekakamaa. Niliuacha hapo hapo. Mtu yule aliyabeba magunia yote yaliyouzunguka, na ukuta wa kazi yake bila uso wake ungekuwa ukurasa mwingine wa vitabu vile vya maktaba.

Likizo iliyofuata nilimpelekea mchoro wake. Akaushika kwa ncha za vidole asiupake jasho, akawaita wenzake waje waone, kisha akanirudishia niandike chini yake jina lake, la baba yake na la babu yake, aliyewahi kufika Bagamoyo.