Redio Iliyouzwa Vipande Vipande

Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, ilianza na ndege. Katika miaka ya 1920 Mmarekani aliweza kuagiza kwake ndege ndogo, ikamfikia ikiwa vipande, akaiunga mwenyewe. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, kampuni hiyo ilinunua shehena ya vipuri vya elektroniki vilivyobaki jeshini, na mwaka 1947 ikaanza kuuza oskiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, ikiwa bado haijaungwa. Bei ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya kilichotoka kiwandani kikiwa kamili, hata fundi redio wa mtaani akaimudu. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 40, maboksi ya vipande vyake, yaliyoitwa Heathkit, yaliingia majumbani: redio za mawasiliano, vikuza sauti, hata televisheni za rangi. Mwaka 1992 biashara hiyo ikafungwa.

Husemwa kwamba ilikufa kwa sababu vijana walizoea starehe wakaacha kazi za mikono. Sikubaliani na hilo, kwa sababu mwaka 1975, kompyuta ya Altair 8800 ilipotangazwa kwa dola 397 ikiwa vipande, oda zilimiminika kuliko walivyotarajia waundaji wake. Hamu ilikuwepo. Kilichogeuka ni hesabu. Zamani redio iliungwa kiwandani kwa mikono, na mnunuzi aliyekubali kuifanya kazi hiyo mezani kwake aliokoa ujira. Mashine zilipoanza kupachika vipuri kwenye bodi, ujira huo ukayeyuka, na kuhesabu rezista, yaani vipuri vidogo vinavyopunguza mkondo wa umeme, moja moja na kuzitia kwenye vifuko kukawa ghali kuliko kuuza redio nzima. Watu walikuwa wamezoea kununua unafuu, na elimu ikaja kama nyongeza. Unafuu ulipoondoka, wengi hawakuona sababu ya kulipia nyongeza peke yake.

Nayo elimu hiyo ilikuwa kubwa. Kitabu cha maelekezo kiliweka mabano matupu mbele ya kila hatua: chukua rezista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, yaani ohm 1,000, pitisha miguu yake kwenye matundu, lehemu, kata ncha, tia alama. Wapo wanaosema kufuata maelekezo namna hiyo si ubunifu, na kweli si ubunifu. Lakini fundi cherehani naye huanza kwa kushona juu ya mstari wa chaki aliochorewa. Tena, somo lenyewe lilianza pale mtu alipowasha redio ikakaa kimya. Ilimbidi aufuate umeme kituo kwa kituo, kutoka kwenye transfoma, mpaka aikute lehemu iliyoshika vibaya. Aliyepita hapo hakukiogopa tena kifaa kilichoharibika.

Ndiyo maana nafurahia kuona elimu sasa ikiuzwa kwa jina lake. Arduino, bodi ndogo ya elektroniki inayoandikiwa programu, ilizaliwa mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ilitoka Cambridge mwaka 2012 kwa dola 35, baada ya walimu wa chuo kuona waombaji wa kompyuta wanapungua na wanaokuja hawajui kuandika programu. Hakuna anayenunua bodi hizo ili aokoe bei ya redio. Hata hivyo bodi hufika imekwisha kulehemiwa, na kazi ya mjenzi imehamia kwenye programu. Wanaosema hayo ni maendeleo wana haki: vipuri vingi vya leo ni vidogo kuliko punje ya mchele, na ni vigumu kuvilehemu kwa mkono. Mimi naona pengo. Mtoto anaweza kuwasha taa ya LED kwa mistari mitano ya programu bila kujua kwa nini taa hiyo inahitaji rezista.

Wazazi na walimu, redio ya betri iliyokufa msiitupe. Toeni betri, mpeni mtoto bisibisi, na mwacheni aifungue. Ya umeme wa ukutani asiiguse bila fundi kuwa karibu.