Muuza Mabati ni Mwalimu

Watu wengi hudhani kwamba ualimu huishia darasani. Mimi, niliyetumia miaka mingi kuwaandaa walimu chuoni, ninaona zipo kazi nyingine zinazodai ualimu uleule, na mojawapo ni kuuza mabati.

Tazama hali ya mnunuzi. Mvuvi wa hapa Katonga huweka akiba ya mauzo ya dagaa msimu baada ya msimu mpaka apate fedha za kuezekea. Sukari huinunua kila siku. Akipunjwa leo, kesho atahamia duka jingine. Paa hulinunua mara moja, pengine mara mbili, katika uhai wake. Kwa hiyo huingia dukani akiwa mgeni wa jambo lenyewe, na kwa kuwa ni mtu mzima mwenye heshima zake, huona haya kuuliza.

Chukua mfano wa geji. Namba hii husomwa kinyume: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Nani angejua bila kuambiwa? Jirani yangu mmoja alichukua geji 32 akiamini kwamba amepata mabati imara kwa bei nafuu. Muuzaji alimhesabia, akapokea fedha, akanyamaza. Hakusema uongo hata neno moja. Lakini upepo wa ziwani ulipokuja pamoja na mvua, mabati yale yalipindika na kuchomoka kwenye misumari, na familia ikahamia kwa ndugu mpaka kiangazi.

Hasara kama hiyo huku kwetu haizibiki upesi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini iwe kwa treni au kwa lori, mzigo wa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilometa 1,200 kutufikia. Kila bati limebeba nauli yake.

Sasa sikiliza habari ya kijana mmoja muuzaji wa Ujiji. Alijiwa na mama mjane mwenye fedha zake kwenye kitambaa.

"Shikamoo mama. Nyumba ina upana wa mita ngapi? Na kenchi zimekwisha pandishwa?"

Mama akajibu kuwa upana ni mita 8, na kenchi bado. Kijana akachukua karatasi, akamchorea. Mita 8, ukiongeza upenu wa nusu mita kila upande, ni 9; nusu yake ni 4 na nusu. Kilele kikiinuka mita 2, mteremko unakaribia mita 5. Ndiyo kanuni ya Pythagoras tuliyoifundisha ubaoni. Bati moja la mita 3 halifiki. Yanahitajika mawili, tena yapandane.

"Mama, malizia kenchi kwanza, kisha uje na fundi tuhesabu pamoja."

Siku ile hakumwuzia hata bati moja. Mama alirudi baadaye, na nyuma yake wakafuata majirani.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ni sheria njema, lakini mara nyingi hukumbukwa paa likiwa limekwisha ng'oka. Neno la muuzaji hutangulia.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siipingi methali hiyo, ila naongeza kwamba dukani anayejua ndiye mwenye wajibu wa kuanza kuuliza. Ninyi wenye maduka, andikeni ukutani kwa herufi kubwa: geji kubwa, bati jembamba. Geji 32 mtaendelea kuiuza, maana wapo ambao uwezo wao ndio huo. Lakini watainunua wakijua, nao watamwambia fundi asogeze mbao karibu karibu na kuongeza misumari, na watoto wao watalala pakavu.