Mshonaji aliyewapigania wanawake kura

Bila shaka umewahi kusikia mtu, pengine nyumbani kwako, akidai kuwa akina mama "bado hawajawa tayari" kwa jambo fulani. Mimi kila nisikiapo kauli hiyo hunijia jina la Clara Campoamor wa Uhispania.

Clara alizaliwa Madrid mwaka wa 1888. Baba yake alifariki angali mtoto, ikambidi aache shule amsaidie mamake kushona nguo. Baadaye aliuza dukani, akafanya kazi posta, akafundisha kupiga taipu. Hatimaye alirudi vitabuni, na mwaka wa 1924, akiwa na umri wa miaka 36, akahitimu sheria. Wewe unayedhani umechelewa kusoma, hapo sikiliza!

Mwaka wa 1931 Uhispania ilikuwa jamhuri changa. Ajabu ni kwamba mwanamke aliruhusiwa kuchaguliwa bungeni, ila hakuruhusiwa kupiga kura. Clara akachaguliwa.

Mnamo Oktoba 1 mwaka huo, bunge lilijadili iwapo wanawake wapewe kura. Aliyempinga Clara hakuwa mwanamume tu, bali pia Victoria Kent, mwanamke na wakili kama yeye. Kent alihofia kuwa wanawake wangewafuata makasisi na kuiangusha jamhuri. Heri wangojee, akasema. Hata wenzake Clara chamani wengi walimgeuka. Yeye alishikilia kwamba uhuru haukomai kwa kungojewa, hukomaa kwa kutumiwa. Kura zilipohesabiwa, 161 ziliunga mkono na 121 zikapinga.

Je, alipewa shukrani? La hasha. Mwaka wa 1933 wanawake walipiga kura kitaifa kwa mara ya kwanza. Vyama vya kulia vikashinda, Clara akapoteza kiti, na lawama zote akatwikwa yeye. Lakini Februari 1936 wanawake hao hao walipiga kura tena, na safari hii vyama vya kushoto vikashinda. Waliomlaumu hawakumwomba radhi. Mwaka huo vita vilizuka, akakimbia nchi. Alifariki Uswisi mwaka wa 1972 bila kurejea kuishi kwao. Leo stesheni kubwa ya treni ya Chamartín, Madrid, ina jina lake.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Clara hakuuliza kama wanawake wangempigia yeye kura. Aliuliza tu kama ilikuwa haki yao. Wengi wetu hutoa haki kwa anayekubaliana nasi, na wengine tukawaambia wasubiri.

Basi mzazi, binti yako akiomba nafasi ukamjibu kuwa hajawa tayari, jiulize: atakuwa tayari lini, na atajifunzia wapi?